Lori Lenye Jani la Mninga

Tulikuwa tumeshaiacha Kaliua nyuma, na Twalibu ameshaanza kuitukana barabara. Lori lake lilijaa chumvi ya Uvinza, magunia mpaka juu, nami nimekaa mbele pembeni yake, kifurushi changu cha nta katikati ya miguu. Twalibu ni mtu wa Tabora mjini, mzaliwa wa Kanyenye. Babu yake fundi cherehani, baba yake fundi cherehani, yeye akaona sindano ni kitu kidogo mno, akashika usukani. Mashimo ya njia ile ameyapa majina.

"Hili linaitwa Mama Mkwe," akaniambia. "Ukilipita vibaya utasikia habari zake mwaka mzima."

Njia hii mimi nimeipita kwa miguu, kwa baiskeli, kwa treni, na juu ya mizigo ya watu. Ndiyo njia ya wazee wetu waliobeba pembe kutoka Ujiji mpaka pwani. Shule nayo niliisoma hivyo hivyo njiani, darasa moja hapa, jingine kule, kwa hiyo nikiruka mahali mnisamehe. Lakini hili sitaliruka, maana nimeona watu hodari wengi, na nikiulizwa nimtaje mmoja, namtaja Koleta wa kizuizi cha Kilangwa.

Kilangwa ni porini, kabla hujafika Urambo. Kizuizi chenyewe ni mti uliolazwa barabarani, jiwe limefungwa kwenye kitako chake ili uinuke kirahisi. Pembeni kibanda cha mabati, na nyuma yake nyumba ya serikali ya vyumba viwili, ambamo Koleta aliishi na mama yake mzazi. Mama haoni. Koleta alikuwa askari wa maliasili, kazi yake kukagua magari yanayotoka msituni. Mrefu, mweusi, mcheshi, na anacheka kwa sauti ya kuamsha kanga porini.

Sasa pale palikuwa na desturi. Mtu akiwa na magogo au mbao za wizi, alikwenda kwanza mjini kuonana na mkuu wa vizuizi, Bwana Octavian. Wakishamalizana, dereva anaambiwa achume tawi la mninga alichomeke mbele, kwenye waipa. Askari wa kizuizini akiona jani, anainua mti, gari linapita. Hakuna karatasi, hakuna swali. Bwana Octavian alijisifu kwa marafiki zake kwamba hajawahi kuandika neno hata moja.

Hebu fikirini. Mlango umetiwa kufuli, na ufunguo wake unaota porini. Nani atashindwa kuuchuma?

Wazee wetu nao walitoa hongo kwenye njia hii, tusidanganyane. Msafara ukifika kwa mtemi, unatoa nguo, unatoa shanga, na mtemi anakula. Lakini akishakula anakupa watu wake wakusindikize mpaka mwisho wa nchi yake, na ukiporwa ndani ya mipaka yake, aibu ni yake. Alikula ili alinde. Huyu wa siku hizi anakula ili asilinde, na hapo ndipo mimi ninapoona tofauti.

Mvua za mwaka ule basi lilitekwa msituni kwa bunduki za kivita. Akauawa nesi mmoja, Levina, ambaye kila mwezi alikuwa akimletea mama yake Koleta dawa ya macho bila kuombwa. Watu walisema majambazi, wakazika, wakanyamaza. Koleta hakunyamaza. Alikuwa akisema, "Bunduki si uyoga, haioti. Imepita mahali. Na mimi ndiye ninayekaa mahali pa kupita." Akaanza kukagua hata magari yenye jani. La kwanza akakuta mbao. La pili akakuta mbao. Bwana Octavian akaja mwenyewe na gari lake la vioo vyeusi, akamwambia mbele ya mama yake: "Koleta, gari lenye jani halikaguliwi. Ukikagua jingine, wewe na bibi huyu mtalala nje siku hiyo hiyo."

Kwa hiyo siku tuliyofika sisi, Koleta alikuwa na hilo kichwani.

Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mgogo, kwa hiyo ni mtani wangu. Utani wetu umetokana na njia hii hii, wapagazi wetu walipokuwa wakipita Ugogo wakiomba maji. Mtani anaweza kukutukana, akakunyang'anya kofia, akala chakula chako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umejiaibisha, na unatozwa.

"Mgogo!" nikamwita kabla lori halijasimama. "Leo huombi kitu?"

"Niombe nini kwa Mnyamwezi?" akajibu. "Mna nini zaidi ya mgongo? Na huo wako wenyewe umeshapinda, hata gunia la pamba halikai."

"Umepinda kwa kuwabeba babu zako tukiwatoa kwenye njaa."

"Mliwabeba mkawaangusha! Ndiyo maana nina kichwa kigumu." Akapanda, akachungulia chumvi, akatia kidole, akaonja. "Twalibu, chumvi yako ina mchanga."

"Hiyo ni ladha ya Uvinza, dada," Twalibu akasema. "Watu wa mjini wanailipia zaidi."

Tulipokuwa tunacheka ndipo likaja lori jingine kutoka nyuma yetu. Fuso la bluu, turubai limefungwa vizuri, na mbele, kwenye waipa, tawi la mninga bado bichi. Dereva kijana wa miwani myeusi, pembeni yake wanaume wawili, na wa tatu juu ya mzigo. Akapiga honi mara moja, kama mtu anayegonga nyumbani kwake.

Koleta akasimama. Nilimwona akiliangalia jani, kisha akaangalia nyumba. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini akichambua mboga kwa vidole.

"Mmebeba nini, wanangu?" akauliza.

"Asali," dereva akasema. "Jani hulioni?"

"Jani naliona. Nauliza tu, mdomo ni wangu. Asali ya wapi?"

"Ya kwetu. Sisi Wanyamwezi wa huku huku, tunapeleka Tabora."

Hapo ndipo walipokosea. Nadhani walisema Wanyamwezi kwa sababu ya asali, wakiona inafanana. Hawakujua wanamwambia nani.

"Wanyamwezi!" Koleta akapiga kofi. "Watani zangu! Mungu kaniletea maiti mlangoni! Nyie, mmeniua na njaa, nani atanizika? Shukeni mnilipe asali yangu kabla sijaoza!"

Mnyamwezi yeyote, hata mwizi, hapo angejibu. Angesema, "Ukioza tutakufanya mbolea ya mtama." Angesema chochote. Yule dereva alivua miwani, akasema: "Mama, acha upuuzi. Inua mti."

Twalibu akaacha kucheka. Nikawasalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka!" Mmoja akaniambia, "Poa mzee." Hilo ningelisamehe, vijana wengi wameiacha lugha. Lakini kukasirikia utani? Hata mtoto wa mjini anajua.

"Ee! Mnyamwezi ananuna!" Koleta akasema, na tayari ameshashika mbao za bodi anapanda. "Basi faini imeongezeka. Nachukua asali ya kununa."

"Mama, shuka! Umeambiwa gari la jani halikaguliwi!"

"Nani anakagua? Umeniona na kalamu? Nimekatazwa kukagua, sijakatazwa kutania. Mkamuulizeni Bwana Octavian kama amefuta na utani."

Yule wa juu alitaka kumzuia, lakini Koleta alikuwa anacheka, na mimi na Twalibu tukacheka pia kwa nguvu, na wauza uyoga wawili waliokuwa kivulini wakacheka, na ni vigumu kumsukuma mwanamke mbele ya watu wanaocheka. Akainua pembe ya turubai, akafungua kifuniko cha pipa moja la asali. Akakunja mkono wa shati, akauzamisha mpaka kwenye kiwiko, akaendelea mpaka karibu na bega.

Nilikuwa namtazama usoni. Mkono ulisimama. Uso haukubadilika hata kidogo. Hilo ndilo ninalolisimulia mpaka leo popote ninapolala: uso haukubadilika. Akatoa mkono unachuruzika, akaulamba, akasema: "Watani, asali yenu tamu, ila masega yake magumu! Nyuki wenu walikula nini?"

Akafunga pipa. Akashuka taratibu, akainua mti, akawapungia mkono wenye asali. Fuso likapita.

Lilipopotea kwenye kona, Koleta akakaa chini barabarani.

"Ni chuma," akasema. "Kimefungwa nailoni. Nimeshika kitako na mtutu. Siyo moja. Na mapipa yako mengi."

"Piga simu!" Twalibu akasema.

"Kwa nani?" Akatutazama. "Mkuu wangu ni Octavian. Nikimpigia, nampigia mwenye jani. Atawaambia wageuke, na hapa mtanikuta mimi na mama tumelala kama Levina. Mnaona alichouza huyu baba? Watu wanasema ameuza mbao. Hakuuza mbao. Ameuza simu yangu."

Nchi ina askari, ina redio, ina bendera, lakini uzi ukikatwa sehemu moja tu, pale kwenye mtu mmoja anayepaswa kupokea, vyote vinakuwa pambo.

Alitafakari kidogo huku akifuta asali kwa majani. Kisha akapiga simu mbili. Ya kwanza kwa Mzee Adinani, mlinzi wa geti la reli huko mbele, kabla ya Urambo, mahali barabara inapovuka njia ya treni. Mzee Adinani naye ni mtu wa Kanyenye, mswalihina, alikuwa amebakiza muda mdogo astaafu.

"Shikamoo baba. Linakuja Fuso la bluu lenye jani. Funga geti. Sema treni inakuja."

Tulisikia sauti yake kwenye simu: "Marahaba mwanangu. Lakini leo hakuna treni."

"Najua, baba. Wao hawajui."

Mzee akacheka polepole. "Na nani katika nchi hii atashangaa treni ikichelewa?"

Simu ya pili ilikuwa kwa kapteni mmoja wa jeshi. Miezi ya nyuma msafara wake ulipita Kilangwa, Koleta akamsimamisha naye, akamwambia ashuke afungue. Kapteni alifoka sana. Alipomaliza kufoka alifungua, na alipofungua akampa namba yake, akasema, "Dada, siku ukinihitaji usipitie kwa mtu." Koleta sasa alimweleza kwa maneno machache, na mahali Fuso litakaposimama. Alipomaliza akavua shati la sare, akachukua khanga ya mama yake akajitanda.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Nimemfungia yule mzee na simba kwenye zizi moja. Nitakaa hapa nisubiri habari?"

"Ukiacha kizuizi wanakufukuza. Jani ulilitania, lakini kuacha lindo hakuna utani."

"Najua, mtani." Akaenda kizingitini, akachuchumaa mbele ya mama yake, wakasemezana Kigogo. Bibi alimshika uso kwa mikono yote miwili, kisha akarudia kuchambua mboga zake. Wauza uyoga wakaahidi kukaa naye. Koleta akapanda lori la chumvi, akakaa kati yangu na Twalibu, ananukia asali.

Tulipofika getini tulikuta foleni. Basi la abiria mbele kabisa, nyuma yake trekta, kisha Fuso la bluu. Miti ya geti imeshuka, Mzee Adinani amesimama na kibendera chake chekundu, kanzu chini ya koti la reli. Twalibu akaliingiza lori letu nyuma ya Fuso mpaka bampa zikabusiana, akazima moto, akashuka, akafungua boneti.

"Kaka, sogeza!" wale wakapiga kelele.

"Gari limegoma," Twalibu akasema. "Nalo linasubiri treni."

Koleta hakwenda kwa Fuso. Alikwenda kwenye basi. Hapo ndipo nilipomwelewa. Mimi nilidhani amekuja kuwaona majambazi wakikamatwa, kumbe alikuwa anahesabu watu watakaokuwa katikati. Akapita madirisha kwa madirisha, khanga kichwani, kama mama wa hapo kijijini. "Shukeni jamani, treni imekwama Usoke, mtaiva humo ndani. Ng'ambo ya tuta kuna chai, kuna viazi vya moto, kuna kivuli. Mama, nipe mtoto nikusaidie. Babu, shika mkono wangu." Abiria wa kwetu ukimwambia treni imekwama hakuulizi ushahidi. Wakaanza kushuka, mmoja mmoja, wakivuka reli kwa miguu, wakishuka upande wa pili wa tuta ambako risasi haiwezi kufika. Yeye akawa anarudi kuchukua wengine. Kila akirudi anapita karibu na Fuso.

Dereva wa miwani akamfuata Mzee Adinani. Nilikuwa karibu, nikasikia kila kitu.

"Mzee, treni iko wapi?"

"Inakuja."

"Tangu tumefika inakuja!"

"Mwanangu, ilianza kuja kabla hujazaliwa. Subira."

"Sisi tuna jani."

"Nimeliona. Zuri, bichi kabisa. Lakini treni haina macho ya kuona jani. Itakukanyaga nalo."

Yule akashusha sauti, akatia mkono mfukoni. "Mzee, tumalizane. Inua kidogo tu tupite."

"Mimi nikimalizana na wewe," Mzee Adinani akasema, "nani atamalizana na treni?" Akamgeuzia mgongo, akatandika mkeka wake karibu na kibanda, akaswali adhuhuri. Sijawahi kuona rakaa zilizonyooka vile, na yule dereva amesimama nyuma, bastola imetuna chini ya shati lake.

Ndipo reli zikaanza kulia. Watu wakashangilia, "Haya, imefika!" Hata dereva wa Fuso alirudi mbio kuwasha gari. Lakini haikuwa treni. Kilikuwa kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, na nyuma yake kibehewa wazi kimefunikwa turubai la kazi. Kikaja polepole kama kinakwenda kubadilisha mataruma. Kilipofika kati ya geti turubai likafunuka, na askari wakaruka pande mbili.

Ilikuwa haraka. Wa juu ya mzigo alifyatua hewani, kisha akatupa bunduki chini alipoona ziko ngapi zinamtazama. Dereva alirudisha gari nyuma likagonga chumvi ya Twalibu, likagoma. Mmoja aliruka akakimbilia vichakani. Wengine walilala kifudifudi barabarani, na Mzee Adinani akasimama juu yao na kibendera chake, kana kwamba ndicho kilichowalaza.

Ng'ambo ya tuta Koleta alikuwa amekumbatia watoto watatu wa watu wasiomjua, anawaimbia. Kapteni alipomfikia alimpigia saluti, yeye katika khanga, hana hata viatu.

"Mapipa mangapi, dada?"

"Sikuhesabu, afande. Nimekatazwa kukagua."

Kapteni alicheka mpaka akashika mti wa geti. Walipoyafungua mapipa yale pale hakuna aliyecheka tena. Bunduki zilikuwa za kutosha vijiji vingi, na msimu wa malipo ya tumbaku ulikuwa umekaribia, wakati ambao kila basi la njia ile hubeba wakulima na pesa zao zote. Mwanamke mmoja wa basi alikwenda akachukua konzi ya chumvi iliyomwagika, akamtia Koleta mkononi. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Yaliyofuata ni haya. Koleta alitolewa kwenye nyumba ya Kilangwa wiki ile ile, kwa kosa la kuacha lindo bila ruhusa. Yeye na mama yake walikaa Kanyenye kwa Mzee Adinani mpaka mvua zikaisha. Baadaye alirudishwa kazini, akapelekwa upande wa Nzega, na ndiko aliko. Mama yake alifariki huko huko, akazikwa Ugogo, na watani walikwenda kumzika. Bwana Octavian alikamatwa. Yuko nje kwa dhamana na kesi bado inasikilizwa. Dereva wa Fuso na wenzake wawili wamefungwa. Aliyekimbia hajapatikana. Kapteni alihamishiwa kusini. Mzee Adinani amestaafu. Alilazwa hospitali ya Kitete kwa sababu ya moyo, akapona, anauza vitabu vya dini karibu na soko. Twalibu alitengeneza bampa, bado anabeba chumvi. Kizuizi cha Kilangwa kina askari wengine, siwafahamu. Mimi niko Sikonge kwa sasa, nanunua nta, na mwezi ujao nitakuwa njiani.